Kebini ya ndani na stiwadi wake, jibu langu kwa ndugu wa Nakuru

Ndugu yangu wa Nakuru, swali lako nimelisoma mara mbili. Wengi wamekujibu mambo ya visa na nauli, lakini kile mama watoto anauliza hasa naona hakuna amekigusa. Umesema kijana wenu aliye Marekani amewalipia kruzi, ile safari ya starehe ya meli, ya usiku saba kutoka Florida, amewachukulia chumba cha ndani kisicho na dirisha, na mama anauliza mtakaa aje kwa kachumba kama hako, tena mtu msiyemjua anaingia kila siku kupanga kitanda chenu. Na wewe ukauliza huyo stiwadi, yaani mhudumu wa chumba, mnamfanyia nini, mnampa pesa ama inakuwa ni kama kumtusi. Wacha nikujibu vile niliona mwenyewe, sababu mwaka jana msichana wangu ambaye ni nesi huko alinipeleka safari kama hiyo hiyo, tukapandia Fort Lauderdale, hapo hapo Florida. Na kazi ya vyumba si ngeni kwangu, nimefanya hausikipingi hoteli hapa Kisumu miaka 22, kwa hivyo kila kitu ndani ya hiyo meli nilikuwa nakiangalia na macho ya kazi.

Ukubwa kwanza tumalizane nao. Kebini ya ndani kwa meli nyingi kubwa ni kama mita za mraba 14 mpaka 17. Unajua zile singo, vile vyumba vya futi kumi kwa kumi vya ploti zetu huku, chukua moja uongeze nusu yake, ndo hiyo, na humo humo kuna kitanda, kabati, meza yenye kioo, sefu ya kuweka paspoti na bafu. Ukiingia mara ya kwanza na mizigo mkononi utasema haiwezekani, lakini inawezekana, sababu kile kitanda kimeinuliwa makusudi. Ukishatoa nguo zote ukazipanga kwa kabati unasukuma masanduku chini ya kitanda na chumba kinapumua. Watu wanakosana kwa sababu ya sanduku kukaa wazi sakafuni wiki nzima, mmoja akitaka kupita lazima mwingine apande kitandani. Halafu kitanda chenyewe ni viwili vinavyosukumwa pamoja, mkitaka vitenganishwe mwambieni stiwadi siku ya kwanza mchana, msingoje usiku amechoka.

Sasa stiwadi, na hapa nitakaa kidogo.

Hamna haja ya kumtafuta, yeye ndiye atakuja. Sisi tulifika chumbani kama saa saba na nusu mchana, milango ndo ilikuwa inafunguliwa, na kabla hata msichana wangu avue viatu tukasikia hodi. Kijana mwembamba, nadhifu, kifuani beji ina jina lake na chini yake imeandikwa Indonesia. Akajitambulisha, akasema chumba hiki ni chake mpaka mwisho wa safari, akauliza tunataka kifanywe asubuhi ama jioni, juu siku hizi meli nyingi zimeacha kufanya mara mbili kwa siku. Dakika chache kabla nilikuwa nimemsikia hapo koridoo kwa jirani wetu, na yule jirani alimkatiza hata hajamaliza kusema jina, nataka mito miwili zaidi, nataka barafu, mbona humu kuna baridi, na macho yake yako kwa simu. Hiyo nimefanyiwa miaka mingi na naijua vile inakaa kifuani, unaona kabisa mtu anaongea na troli. Kwa hivyo mimi nikasimama, nikamwambia jina langu na la msichana wangu, nikamuuliza ametoka sehemu gani ya Indonesia na watu wa nyumbani wako aje. Ya nyumbani kwanza, vile mtu hufanya akiingia boma la wenyewe, ndo baadaye nikasema naomba blanketi moja ya ziada na henga kama sita. Akasema anatoka Bali, ana mke na mtoto msichana, akatoa simu akanionyesha picha. Henga zilikuja kumi.

Hayo ndo yalikuwa maombi yangu yote nikayasema mara moja, na hilo nakuombeni mlishike. Kwa kazi yetu kinachoua miguu ni mgeni anayeita mara tano kwa vitu vitano, kila kimoja unateremka stoo na kupanda tena. Kaeni chini na mama, mfikirie mnataka nini, mito, blanketi, henga, barafu, friji itolewe vitu vya kuuzwa muweke dawa zenu, mumpe zote kwa pamoja.

Siku ya pili nilihitaji sabuni ya kipande, ile ya kwenye chupa ukutani siipendi. Nikatoka koridoo nikamkuta, na Kiingereza kikaniponyoka nikasema tu, sabuni. Kijana akageuka kwa troli, akatoa sabuni, akanipa. Ndo sote wawili tukasimama tukaangaliana, kwa sababu hakuna aliyeongea Kiingereza hapo. Kumbe kwao ni sabun. Tukaanza pale pale kujaribu mengine, nikagonga meza ya troli nikasema meza, akasema meja. Bendera kwao ni bendera vilevile. Dunia ni dunia. Nanasi ni nanas, karatasi ni kertas, wakati ni waktu. Wakisalimiana wanasema apa kabar, na hiyo kabar ni habari yetu hii hii. Niliporudi nilimweleza jirani yangu mwalimu wa historia, akaniambia ni Waarabu na Wareno hao, walifanya biashara pande zote mbili za Bahari ya Hindi wakaacha maneno yao huku na huko, sabuni na habari na dunia ni za Kiarabu, meza na bendera za Kireno. Mimi nimezaliwa Vihiga nikaolewa Kisumu, sikuwahi kufikiria kuna mtu wa Bali tunaweza kuitana sabuni.

Na kwao mama mtu mzima anaitwa Ibu kwa heshima, baba anaitwa Bapak, hata kama si wako wa kukuzaa. Kutoka hiyo siku madam ikaisha, nikawa Ibu.

Asubuhi ya tatu ndo ilifanyika kitu sitasahau. Niliamka mapema kama kawaida, msichana akaenda kutembea juu, na mikono yangu ikatandika kitanda bila kuniuliza. Shuka ya chini nikaivuta ikakaza, kona za miguuni nikazikunja mshazari kama bahasha, nikazisukuma chini ya godoro na kiganja kimelala ili isibaki mkunjo, duveti juu nikaipangusa na mkono kutoka katikati kwenda nje. Alipoingia akasimama miguuni pa kitanda kimya. Akapiga goti, akapitisha kidole gumba kwa ile kona taratibu kutoka juu mpaka chini, halafu akainua ukingo wa godoro kidogo kuangalia shuka imeingia kiasi gani. Akauliza, Ibu, nani amefanya hii? Nikamwambia ni kazi yangu, miaka 22. Yule kijana alishika mdomo. Akauliza hoteli gani, vyumba vingapi kwa siku, magodoro yenu ni mazito, mgongo wako uko aje. Hakuna mgeni huniuliza mgongo wangu uko aje, hata daktari huuliza tu miaka. Tukaongea dakika kama tano yeye anapangusa kioo mimi nimekaa, halafu akaniomba kwa upole sana nisitandike tena, msimamizi wao hupita kukagua na kuna vile wanataka duveti ikunjwe, lakini pia akasema, Ibu ametandika vya kutosha, wiki hii wacha nitandike mimi.

Kwa hivyo mwambie mama watoto hiyo aibu yake naielewa kabisa, hata mimi nililala usiku wa kwanza nikiwaza mtu ataona shuka zetu. Lakini mtu wa kazi hii haangalii hivyo, anaangalia kama sakafu iko wazi apitishe vakyum, kama meza ina nafasi apanguse. Vitu vyenu hatavigusa. Nguo za ndani wekeni kwa droo, pesa na paspoti kwa sefu, viatu chini ya kitanda, taulo mnazotaka zibadilishwe ziachwe chini bafuni na mnazotaka kubaki nazo mzitundike. Mkifanya hivyo mmempunguzia dakika nyingi. Na mama akipenda kufua nguo zake za ndani mwenyewe, kwa bafu nyingi kuna kamba nyembamba inavutwa kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine juu ya shawa, ni ya hiyo kazi.

Nimesema kupunguza dakika sababu nataka mjue uzito wa hiyo kazi. Yeye alikuwa na vyumba 20 na kitu. Hapa kwetu nikipewa 14 siku ya kujaa nafika nyumbani siongei. Kontrakti yake ilikuwa miezi nane na ndani ya hiyo miezi nane hakuna siku ya off, ni kila siku, anachopata ni masaa ya kupumzika katikati. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ulianza kutumika Agosti 2013 na Kenya nayo iliuridhia 2014, na moja ya vipimo vyake ni kwamba mtu apumzike si chini ya masaa 10 kwa kila masaa 24, na 77 kwa siku saba. Wiki ina masaa 168, toa mwenyewe uone yanayobaki ya kufanya kazi. Mtoto wake alikuwa na miezi sita akiondoka, sasa amejifunza kutembea na yeye ameona kwa simu. Aliponiambia hiyo alikuwa anafunga mfuko wa takataka, hakuacha kufunga.

Na nikiwa hapo niseme kwa vijana wanaoulizaga kazi za meli, mkataba huo huo unakataza wakala kumtoza baharia pesa ya kumtafutia kazi. Unachoweza kujilipia ni paspoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Jirani yangu wa Nyalenda aliuza ng'ombe wawili kumpa mtu pesa ya kushikilia nafasi ya kijana wake na hiyo nafasi haikuwahi kuwa. Mtu akikuitisha laki moja kwa simu, usitume. Anza na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, uulize pale.

Turudi kwa pesa. Hapana, si matusi. Kwa kruzi za Marekani kuna pesa ya huduma inawekwa kwa bili yenu kila siku, siku hizi kwa chumba cha kawaida ni kama dola 16 mpaka 20 kwa kila mtu, inagawiwa stiwadi, watu wa meza na wengine ambao hamtawaona. Nyinyi wawili usiku saba piga kama dola 224 mpaka 280, na muulize kijana wenu kama aliilipa pamoja na tikiti, ili isiwashtue mwisho. Kuna watu siku ya mwisho wanapanga laini kwa kaunta waombe hiyo pesa ifutwe. Niliwaona na niliumia, kwa sababu hapo ndo sehemu kubwa ya mapato ya hawa watu iko. Tafadhali nyinyi msiwe kwa hiyo laini. Juu ya hiyo mkitaka kumpa kitu mkononi mpe, sisi tulimpa dola 40 kwa bahasha, na mpe jioni ya mwisho, msingoje asubuhi, nitakueleza kwa nini. Kitu ingine ambayo haigharimu chochote, ile karatasi ama fomu ya maoni inayokuja kwa simu mwisho wa safari, andikeni jina lake na mwandike alifanya nini hasa, si kusema tu alikuwa mzuri. Msimamizi husoma hizo, hata hotelini kwetu zinasomwa, na kuna watu wamepandishwa cheo kwa sababu ya mistari miwili ya mgeni.

Nilikuwa pia nimebeba pakiti mbili za majani ya chai ya Kericho, zimefungwa vizuri za dukani, moja nikampa. Alinusa pakiti ikiwa imefungwa.

Sasa vitu vidogo vya chumba, nitaviweka vile vinanijia.

Giza. Chumba kisicho na dirisha ukizima taa ni giza la ndani ya pipa, hujui ni saa nane usiku ama saa tatu asubuhi, na saa zenu bado ziko za Nakuru kwa hivyo mwili umechanganyikiwa tayari. Dawa yake ni TV. Kwa meli nyingi kuna chaneli inayoonyesha kamera ya mbele ya meli, wekeni hiyo mzime sauti, kukipambazuka chumba kinapata mwanga wa alfajiri kutoka kwa TV. Mimi nilipenda sana hiyo, naamka naona bahari.

Kuta ni za chuma. Misumari haina kazi hapo, lakini sumaku inashika. Msichana wangu alikuja na ndoano za sumaku sita tukatundika kofia, mifuko, kadi za chumba, sweta. Na sweta mbebe, eesi, ile mashine ya baridi, ya humo ndani si mchezo, mtu wa Nakuru pengine atavumilia lakini mimi wa joto la Kisumu nilivaa ile niliyonunua mitumba soko la Kibuye kila usiku.

Umeme. Soketi ni za pini mbili bapa za Kimarekani, zingine zina na zile za pini mbili za mviringo za Ulaya, plagi yetu ya pini tatu haiingii. Mbebe adapta ndogo, na muangalie chaja imeandikwa 100 mpaka 240, za simu nyingi ziko hivyo. Ila msibebe pasi, koili ya kuchemshia maji, birika ya umeme, wala ekstensheni ile yenye kinga ya umeme. Wanaogopa moto, na umeme wa meli haujafungwa chini ardhini kama wa nyumba, zile ekstensheni zinaweza kuwaka. Mimi sikujua, niliweka pasi ndogo na ekstensheni kwa sanduku. Saa mbili usiku sanduku halijafika na la msichana lilifika saa kumi jioni. Aliyegundua ni yule stiwadi, alipita akauliza mbona mlangoni sioni sanduku la mama, akapiga simu, akaniambia limezuiliwa chini kwa ukaguzi niende nifungue mwenyewe, akanichorea kwa karatasi njia ya kwenda. Wakachukua pasi na ekstensheni wakanipa risiti, siku ya kushuka nikarudishiwa. Sasa fikiria dawa yangu ya presha ingekuwa kwa hilo sanduku. Dawa, paspoti, nguo moja ya kubadilisha, mbebe kwa mkoba wa mkononi, masanduku mnayaacha na wabeba mizigo pale bandarini na yanaweza kuchukua mpaka usiku.

Choo kinavuta kwa upepo kama cha ndege na kinapiga kelele, msishtuke. Msitupe kitu ndani isipokuwa ile karatasi yao, sababu mabomba ni membamba na kikiziba kinaziba na vya majirani. Na mlango wa bafu una kizingiti cha juu, mama akiamka usiku ainue mguu. Mkifika tu, jifunzeni hicho kizingiti kwa miguu.

Kutikisika. Mimi nimevuka Ziwa Victoria kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita mara nyingi kwa feri, siku ya upepo lile ziwa linakurusha kuliko hiyo meli ilivyotikisika wiki nzima. Ila kuna usiku mmoja ilibembea, henga zikawa zinagongana kwa kabati, nikaweka taulo katikati yao zikanyamaza. Tangawizi inasaidia.

Kisha kuna ile drili ya usalama siku ya kwanza kabla meli haijaondoka, mnaonyeshwa pahali penu pa kukusanyika na vile jaketi la kuokolea linavaliwa. Kuna watu wanaiona inawapotezea raha. Nyinyi nendeni mapema, msikilize, na mkirudi chumbani muangalie nyuma ya mlango imeandikwa pahali penu ni wapi, halafu mtoke mtembee mpaka hapo kwa ngazi, si kwa lifti, mhesabu milango. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa. MV Bukoba, meli ya abiria ya Tanzania, ilizama ziwani tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu, na kuna familia upande wetu huu ambazo Mei ikifika bado wananyamaza. Na hizo meli kubwa nazo, Costa Concordia iligonga mwamba huko Italia Januari 2012 wakafa watu 32, na wengine walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo bado hawajafanyiwa drili. Baada ya hapo ndo sheria ikabadilishwa, kutoka 2015 lazima drili ifanywe kabla ya kuondoka ama mara tu meli inapoondoka, zamani ilikuwa ndani ya masaa 24. Yule kijana wetu kumbe mbali na kuwa stiwadi, kukiwa na hatari ana kazi nyingine, yeye ndiye wa kupita vyumba vya upande wetu kuhakikisha hakuna mtu amebaki. Nilipojua hiyo nilimwangalia tofauti.

Nikuambie na ya ndovu halafu nimalize. Mtakuta jioni taulo imekunjwa mnyama kitandani, siku moja mbwa, siku moja nyani ananing'inia kwa henga. Usiku wa tano alituwekea ndovu nikamwomba anifundishe, akasema akimaliza vyumba atapita, na akapita kweli, saa tatu usiku, amesimama mlangoni. Unatandaza taulo kubwa ya kuogea, unakunja ncha mbili za upande mfupi ziingie ndani kidogo, halafu unaviringisha kutoka kila upande mpaka viringo vikutane katikati, unavikaza sana, unakunja katikati viringo vikiwa nje, unasimamisha. Hiyo ni miguu minne na mgongo. Kichwa ni taulo ndogo ya mkono, unaviringisha pembe mbili kwenda katikati ipate ncha ndefu, hiyo ncha ndo mkonga unaukunja juu, sehemu inayobaki unaifungua inakuwa masikio. Yangu ya kwanza ililala chini. Ya pili akaichukua akakaza miguu na kiganja, ikasimama, akasema siri ni kukaza, kila kitu ni kukaza. Nilimwambia kwetu hawa tunao wa kweli, akauliza nyumbani kwako? Nikasema hapana, Maasai Mara, akasema siku moja ataleta mtoto wake aone. Niliporudi kazini niliwafundisha wasichana wetu wawili, na sasa hapa Kisumu mtoto akilala kwa vyumba vyetu anapata ndovu.

Usiku wa mwisho masanduku yanawekwa nje ya mlango na lebo, kama saa nne ama saa tano usiku yachukuliwe, kwa hivyo toeni kwanza nguo za kesho, viatu vya kesho na dawa, wengi hufunga kila kitu wakabaki na nguo za kulala tu. Na hapo ndo mnampa bahasha yake, juu asubuhi hatakuwa na nafasi. Sisi tulitoka chumbani saa moja na nusu, na koridoo nzima ilikuwa imejaa mafurushi ya shuka, yeye yuko chumba cha tatu kutoka chetu anavua vitanda, sababu saa sita mchana wageni wapya wanaanza kupanda na vyumba vyote hivyo lazima viwe tayari. Alituona akatoka mbio, shuka bado ziko mkononi, akasema selamat jalan, Ibu, yaani safari salama. Nikamwambia asante, salimia mtoto. Akarudi ndani, na kabla hatujafika kwa lifti nikasikia ile sauti ya shuka mpya ikikung'utwa.

Mkifika mtuandikie mmepewa kebini ya ghorofa gani na stiwadi wenu ametoka wapi, na mama kama atataka kuuliza kitu cha wanawake aniandikie kando, nitamjibu.